Mawazo Yanayonenepesha

Kiswahili kina maneno mengi ya kumweleza mtu aliyedhoofu kwa matatizo: husemwa kwamba amekonda kwa mawazo, kwamba maisha yamempiga, kwamba amekwisha, na neno lenyewe "mawazo", ambalo kwa asili ni fikra tu, limekuwa katika mazungumzo ya kila siku jina la dhiki ya moyo, kiasi kwamba kusema "ana mawazo" hutosha kumfanya msikilizaji apunguze sauti. Kwa mtu ambaye dhiki hiyohiyo imemnenepesha, lugha haina pole ya kumpa. Yeye huambiwa kwamba amenawiri na kwamba maisha yamemkubali, naye huzipokea pongezi hizo huku akijua kwamba kilo alizoongeza tangu afiwe, aachike au apoteze kazi zilipatikana kwa kula usiku, peke yake, bila njaa. Shida yake ni ya kweli na ni ya watu wengi, lakini imevaa nguo za neema, na kwa hiyo hakuna anayemuuliza lolote.

Ukimya huu una historia inayoeleweka. Katika nchi ambazo njaa imekuwa ikija kwa misimu, mwili uliojaa ulikuwa ushahidi wa ghala lililojaa, na kitambi cha mwanamume kilisomwa kama hati ya mali. Baadaye ukaja UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ambao ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, uliitwa "silimu" kwa sababu ya jinsi ulivyowakondesha watu. Kwa kizazi kizima, kupungua mwili kukawa ni tuhuma, na mtu aliyekonda kwa mazoezi alilazimika kujieleza kwa majirani. Hofu hiyo haijafutika, ingawa hali ya miili imebadilika kabisa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu nchini Tanzania ulionyesha kwamba wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi walikuwa asilimia 11 mwaka 1991 na 1992, na kufikia mwaka 2015 na 2016 walikuwa asilimia 28. Nchini Kenya, utafiti kama huo wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 33.

Kipimo kinachotumika katika tafiti hizo ni fahirisi ya uzito wa mwili, yaani uzito kwa kilo uliogawanywa kwa kimo cha mita kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe, ambapo 25 na zaidi huhesabiwa kuwa uzito uliozidi na 30 na zaidi huhesabiwa kuwa unene wa kupindukia. Mtu mwenye kimo cha mita 1.60 huvuka mpaka huo wa pili akiwa na takriban kilo 77. Hesabu hiyo iliasisiwa katika karne ya 19 na Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji aliyetaka kueleza umbile la wastani la umma, na haikukusudiwa kumhukumu mtu mmojammoja. Haitofautishi misuli na mafuta, wala haisemi mafuta yako wapi, ilhali yale yanayojikusanya tumboni kuzunguka ini na utumbo ndiyo yenye madhara zaidi kwa moyo na kwa udhibiti wa sukari. Kwa jambo hilo, utepe wa fundi cherehani ukizungushwa kiunoni humwambia mtu mengi kuliko mizani.

Ulaji wa kihisia ni kula kwa ajili ya kutuliza hisia, ziwe za huzuni, hasira, upweke, woga au uchovu wa kukosa la kufanya, badala ya kula kwa ajili ya njaa. Daktari wa magonjwa ya akili Hilde Bruch, aliyechapisha kitabu mashuhuri kuhusu matatizo ya kula mwaka 1973, alieleza kwamba mtoto hujifunza kuitambua njaa yake kutokana na namna anavyoitikiwa na mlezi: anayepewa chakula kila anapolia, hata kilio kikiwa cha baridi, maumivu au kutaka kubebwa, anaweza kukua bila kutofautisha vizuri njaa na taabu nyingine za mwili na moyo. Maelezo hayo hayatoshi kwa watu wote, lakini yeyote aliyewahi kuona mtoto akinyamazishwa kwa andazi ataelewa yalikotoka.

Njaa ya tumbo huja polepole, hukubali chakula chochote kilichopo, hata ugali uliolala, na huondoka mtu anaposhiba. Njaa ya hisia huja ghafla, huchagua, kwa kuwa hutaka chipsi, aiskrimu, visheti au soda ya baridi na haitaki kusikia habari za mchicha, na haiishi kwa shibe, kwa sababu haikuanzia tumboni. Baada yake hufuata majuto, na majuto yenyewe ni hisia chungu inayotafuta kutulizwa.

Mwili nao una sehemu yake katika jambo hili, na haki humtaka msomaji aijue kabla ya kumwita mtu mlafi. Mshtuko wa ghafla huzima hamu ya kula, kwa kuwa adrenalini huandaa misuli kupigana au kukimbia. Dhiki inayodumu kwa wiki na miezi, kama vile deni, ndoa yenye ugomvi au kumuuguza mzazi, hufanya kazi tofauti: tezi zilizo juu ya figo huendelea kumwaga kotisoli, homoni ya dhiki, ambayo kwa watu wengi huongeza hamu ya vyakula vyenye sukari na mafuta na husaidia kuelekeza akiba ya mafuta tumboni. Mwanasayansi Mary Dallman na wenzake wa California walipendekeza mwaka 2003, kutokana na kazi yao ya panya, kwamba vyakula hivyo hupunguza kwa kiasi fulani mwitikio wa ubongo kwa dhiki. Kwa maneno mengine, anayekula kwa mawazo hujipatia nafuu, ingawa ni fupi. Wengine huitikia dhiki hiyo kwa kukosa hamu kabisa, na hao ndio lugha iliyowaona.

Kuna pia usingizi, ambao katika mazungumzo ya uzito husahauliwa. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 saa nne tu kwa usiku, kwa siku mbili mfululizo, wakakuta kwamba leptini, homoni inayoupa ubongo taarifa kwamba akiba ya mwili inatosha, ilipungua kwa asilimia 18, na ghrelini, homoni ya tumbo inayoita njaa, ilipanda kwa asilimia 28. Mkazi wa Chanika au Mbagala, pembezoni mwa Dar es Salaam, anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi daladala, na anayerejea saa tatu usiku baada ya foleni, hakuhitaji maabara ili kujua kwamba mtu aliyechoka hatamani matunda.

Jibu ambalo watu wengi hulikimbilia ni dayati, neno ambalo mijini limepata maana ya kujinyima kwa ukali na kwa muda mfupi: kuacha wanga wote, kula tunda moja tu mchana kutwa, au kunywa chai zinazouzwa kwa ahadi ya kukausha tumbo, ambazo baadhi yake zina viungo vya kuharisha na kazi yake halisi ni kutoa maji mwilini. Kinachotokea mwilini na akilini wakati wa kujinyima kulikopitiliza kilichunguzwa kwa makini katika Chuo Kikuu cha Minnesota kati ya mwaka 1944 na 1945, ambapo Ancel Keys na wenzake waliwalisha vijana 36 wenye afya, waliokuwa wamekataa kwa dhamiri kushika silaha, takriban nusu ya chakula walichokizoea kwa muda wa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini lililowashangaza watafiti lilikuwa tabia. Vijana ambao hawakuwahi kujali mapishi walianza kukusanya vitabu vya upishi, wakawa wakizungumza na kuota chakula, wakawa wepesi wa hasira na huzuni, na ruhusa ya kula ilipotolewa, baadhi yao waliendelea kula hata tumbo lilipokuwa limejaa kabisa, wakisema bado wana njaa. Kwa hiyo anayejinyima sana kisha akavunja masharti usiku huwa anaonyesha kile ambacho mwili wa binadamu hufanya ukihofia njaa, na kumlaumu kwa uhaba wa nia ni kumwonea.

Jaribio jingine, lililochapishwa na Peter Herman na Deborah Mack mwaka 1975, linaingia ndani zaidi ya akili. Wanafunzi wa kike wa chuo kikuu walipewa kinywaji kizito cha maziwa na aiskrimu, kisha wakaombwa waonje aiskrimu nyingine kwa kiasi wanachotaka. Wale ambao kwa kawaida hawakujizuia kula walikula kidogo baada ya kinywaji hicho, kama inavyotarajiwa. Wale waliokuwa na mazoea ya kujizuia walikula zaidi kuliko ambavyo wangekula bila kinywaji. Kiswahili kina maneno matatu yanayoeleza kilichopita vichwani mwao: liwalo na liwe. Sharti likishavunjwa, siku huonekana imeharibika yote, na mtu hula kana kwamba kesho mlango utafungwa. Maneno hayo matatu huharibu mipango mingi kuliko chipsi zenyewe.

Dayati ikishindwa ndipo mazoezi yanapoingia, na hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika, kwa sababu karibu kila anayeanza huanza kwa nia ya kupunguza kilo, na kilo hazipungui kwa kasi aliyoitarajia. Ushahidi ulio wazi zaidi kuhusu jambo hili umetoka Tanzania yenyewe. Wahadzabe, wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, ni miongoni mwa watu wachache duniani ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuchuma matunda ya porini. Wanaume wao hutembea wastani wa zaidi ya kilomita kumi kwa siku, na wanawake huenda kilomita kadhaa wakiwa na mizigo na watoto mgongoni. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya kupima nishati wanayoitumia. Walitumia maji yenye aina nzito zaidi ya atomi za haidrojeni na oksijeni, ambayo hayana madhara kwa mnywaji, na kasi ya kutoweka kwa atomi hizo mwilini, inayofuatiliwa kwa kupima mkojo wa siku kadhaa, hufichua nishati iliyotumika kwa siku. Ilitarajiwa kwamba Wahadzabe wangeonekana wakitumia nishati nyingi mno kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Baada ya kuzingatia ukubwa wa miili, tofauti hiyo haikuonekana.

Maelezo ya Pontzer, ambayo wataalamu bado wanayajadili, ni kwamba mwili unaotembea sana hubana matumizi kwingine, kama vile katika mwitikio wa dhiki na katika uvimbe wa ndani unaotokana na kinga ya mwili, ili bajeti ya siku isivuke mpaka. Hata bila nadharia hiyo, hesabu ya kawaida ni ngumu. Saa nzima ya kutembea kwa kasi hutumia takriban kalori 300, na soda moja ikiandamana na andazi moja huzirudisha zote katika dakika tano. Soda ya kola ya mililita 350 pekee ina sukari ya gramu 37 hivi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana ibaki 25. Mtu akiyapima mazoezi yake kwa mizani, baada ya wiki sita atakuwa na kila sababu ya kukata tamaa.

Kosa, basi, liko katika kipimo. Wahadzabe hawachomi nishati ya ajabu, lakini mioyo yao ina afya na shinikizo lao la damu halipandi kwa umri kama linavyopanda mijini. Miaka mingi kabla ya utafiti huo, mwaka 1953, Jeremy Morris alionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipatwa na mshtuko wa moyo kwa kiwango cha chini sana kuliko madereva waliokaa kwenye usukani, ingawa lazima iongezwe kwamba Morris mwenyewe alikuja kugundua, kwa kupitia vipimo vya sare zao, kwamba madereva walikuwa na viuno vikubwa tangu walipoajiriwa. Muhimu zaidi kwa mada hii ni kwamba mwendo wa mwili hupunguza wasiwasi kwa saa kadhaa baada ya kufanywa, huboresha usingizi, na ukifanywa kwa mazoea hupunguza dalili za sonona, yaani huzuni ya kudumu inayomnyima mtu ari ya maisha. Mambo hayo matatu ndiyo yaleyale yanayompeleka mtu kwenye sufuria saa tano usiku. Mazoezi humsaidia anayekula kwa mawazo kwa sababu yanayagusa mawazo kwanza. Na kiuno, kikibadilika, hubadilika baadaye na kwa sehemu kubwa kwa sababu ulaji umetulia. Aliyekwisha kupungua pia huyahitaji ili asirudi alikotoka, na katika kulinda uzito uliopungua, manufaa yake yana ushahidi wenye nguvu kuliko katika kuupunguza.

Ari ya kufanya mazoezi nayo ina elimu yake. Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, walijenga tangu miaka ya 1980 nadharia inayosema kwamba mtu hudumu katika jambo pale anapoona amelichagua mwenyewe, anaona analiweza, na analifanya akiwa na watu anaojiona kuwa ni wao. Afrika Mashariki ina urithi mgumu katika la kwanza. Watu wazima wengi walikutana na mazoezi shuleni, ambako mchakamchaka wa alfajiri ulikuwa amri na kuzungushwa uwanja ilikuwa adhabu ya mchelewaji, na wengine hawakuwahi kukimbia tena tangu walipomaliza shule. Mtu huyo akija ukubwani kujiambia kwamba lazima akimbie ili "alipie" pilau ya harusini, anajirudisha mwenyewe chini ya kiboko kilekile, na haishangazi kwamba mwili wake unagoma. Mazoezi yaliyotungwa kama malipo ya dhambi ya kula hayajawahi kuwa rafiki wa mtu.

Hata hivyo mchakamchaka huohuo, ukiondolewa amri, una hekima ndani yake. Wimbo wa kuitikiana hupanga pumzi na hatua, wa mbele hawawezi kukimbia wakawaacha wa nyuma bila kuvunja wimbo, na aliyechoka hubebwa na sauti za wenzake. Vikundi vya jogingi vinavyoonekana mitaa ya Dar es Salaam alfajiri za wikiendi, wanachama wakiwa na fulana za rangi moja, vimeirudisha hekima hiyo kwa hiari, na vingi kati ya hivyo pia ni vyama vya kuzikana na kuchangiana, jambo ambalo humfanya mwanachama ajitokeze hata siku asiyojisikia. Zanzibar imeifanya tarehe 1 Januari kuwa siku ya mazoezi ya viungo kitaifa, ambapo vikundi vya Unguja na Pemba hukusanyika kwa maelfu. Kwa mwanamke, mlango huo haujafunguka kwa upana uleule: giza la alfajiri si salama kwake, maneno ya vijiweni humfuata, na chai ya familia humsubiri jikoni. Ngoma za wanawake wa pwani, zinazochezwa ndani kwa saa nyingi kwa viuno na miguu, ni mazoezi halisi, na inasikitisha kwamba washauri wa afya huzitaja mara chache. Na kwa mama lishe aliyesimama tangu alfajiri, au mwanamke anayebeba ndoo za maji mara nne kwa siku, ushauri wa "fanya mazoezi" ni wa mtu asiyejua anazungumza na nani. Anachohitaji ni kupumzika.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba kwa raha, na umeondoa sharti la zamani kwamba mwendo usiofika dakika kumi mfululizo hauhesabiwi. Kushuka daladala kituo kimoja kabla ya nyumbani kunahesabiwa. Kuhusu mazoea, Phillippa Lally na wenzake wa London walionyesha mwaka 2010, kwa kuwafuatilia watu 96, kwamba jambo jipya lilichukua wastani wa siku 66 kuwa la kujifanyia lenyewe, wengine wakihitaji siku 18 na wengine makadirio ya siku 254, na kwamba kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Matokeo hayo ya mwisho yanapaswa kumfikia kila anayeishi chini ya liwalo na liwe.

Upande wa chakula, hatua ya kwanza ni kula vya kutosha mchana, kwa sababu anayeruka chai na chakula cha mchana hukutana usiku na njaa mbili kwa pamoja, na hawezi kuzitenganisha. Ya pili ni kuweka nafasi ndogo kati ya hisia na tonge: kujiuliza kama ugali na maharage vingekubalika wakati huo, na kama havikubaliki, kuitaja hisia kwa jina lake, iwe ni hasira kwa bosi au upweke wa nyumba tupu. Waliofunga Ramadhani wanajua kutokana na miili yao kwamba njaa hupanda adhuhuri kisha ikashuka yenyewe kabla ya alasiri, na kwamba hamu si amri. Wanajua pia jinsi futari ya kaimati, tambi na viazi vya nazi inavyoweza kuufuta ujuzi huo kwa jioni moja. Mtu akila baada ya kujiuliza, na ale kwenye sahani, ameketi, bila kujificha. Siri ndiyo inayolisha majuto.

Kuna kiwango ambapo ushauri wa aina hii haufai tena. Mtu anayekula chakula kingi mno kwa muda mfupi huku akihisi hawezi kusimama, mara moja au zaidi kwa wiki kwa miezi mitatu, na akabaki na aibu kubwa, ana maradhi ambayo yaliingizwa rasmi mwaka 2013 katika mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili unaotolewa na chama cha madaktari wa fani hiyo cha Marekani, na ambayo hutibika kwa mazungumzo ya kitabibu, na mara nyingine kwa dawa. Idara za afya ya akili katika hospitali kubwa, kama vile Muhimbili, Mathari ya Nairobi au Kidongo Chekundu ya Unguja, ndizo pa kuanzia, lakini wachache wenye shida hii hufika huko, kwa kuwa majina ya baadhi ya hospitali hizo kwa watu wengi yana maana ya wendawazimu tu. Mara nyingi zaidi mwenye shida hiyo hufika kliniki ya presha au ya sukari, ambako hupimwa uzito, huambiwa apungue, na huondoka na tarehe ya kurudi. Muuguzi aliyemshusha kwenye mizani alikuwa na dakika mbili za kumuuliza analalaje, na nani yuko nyumbani, na ni lini hasa uzito ulianza kupanda.